Mwendo wa DNA na Elektroni Iliyobaki Peke Yake



Kila kitabu cha biolojia cha sekondari kina ule mchoro wa DNA: nyuzi mbili zimezungukana kutoka juu hadi chini, katikati yake jozi za besi zimepangwa moja juu ya nyingine, na kila kitu kimenyooka. Vipimo vyake vinajulikana vizuri. Unene wa nyuzi hizo mbili kwa pamoja ni nanomita 2 hivi, yaani sehemu mbili tu ukiigawa milimita moja mara milioni. Kutoka jozi moja ya besi hadi ya pili ni nanomita 0.34, na mzunguko mmoja kamili huchukua jozi kumi na nusu hivi. Mengi ya haya tuliyapata kwa miale ya eksirei. Picha mashuhuri kuliko zote ilipigwa Mei 1952 katika maabara ya Rosalind Franklin, King's College, London, na mwaka uliofuata James Watson na Francis Crick wakatangaza umbo ambalo mpaka leo tunalichora ubaoni.

Vipimo hivyo navikubali vyote. Kinachonisumbua ni ule utulivu wa mchoro. DNA iliyomo ndani ya seli haitulii hata kidogo. Inapinda, inajisokota na kujisokotoa, jozi zake zinafunguka na kufungana tena. Iko protini moja, jina lake TBP, ambayo husaidia kuanzisha usomaji wa jeni; ikiishika DNA huikunja kwa pembe ya nyuzi 80 hivi. Protini za histoni nazo huizungushia mwilini mwao: jozi 147 za besi kwenye kila kifungu, karibu mizunguko miwili. Bila mikunjo hiyo, zile mita 2 hivi za DNA zilizo katika kila seli ya mwili wako yenye kiini zisingeenea ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Kwa hiyo anayejua umbo la DNA bila kujua inavyopinda, kwa urahisi gani na wapi, amejua nusu ya habari. Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya nusu hiyo nyingine, na juu ya watu waliotafuta namna ya kuipima.

Ugumu wenyewe ni huu. Mwendo tunaoutafuta ni wa haraka mno. Unapimwa kwa nanosekunde, na nanosekunde bilioni moja ndizo zinazofanya sekunde moja. Eksirei inataka molekuli nyingi zilizopangwa kwa nidhamu, mara nyingi ndani ya fuwele, na humo mwendo mwingi umekwisha kubanwa. Hadubini ya kawaida haifiki huko kabisa. Basi ukitaka kujua sehemu fulani ya DNA inachezaje, inakubidi uiwekee kitu kitakachokuletea habari.

Fikiria ngoma inachezwa usiku wa giza na wewe uko nje ya uwanja. Wachezaji huwaoni, ila mmoja wao amefunga njuga mguuni. Kwa mlio wa njuga peke yake utajua kama anaruka, anakokota miguu au amesimama. Alama ya spini ni njuga ya namna hiyo. Ni molekuli ndogo inayofungwa mahali pamoja palipochaguliwa kwenye DNA au RNA, na kazi yake ni kupiga kelele mahali ambapo pengine pote pako kimya.

Ukimya huo ni jambo la kweli kabisa la kifizikia. Kila elektroni ni sumaku ndogo. Tabia hiyo ndiyo inayoitwa spini. Katika molekuli nyingi, DNA ikiwemo, elektroni zimekaa mbilimbili, moja ikielekea huku na mwenzake kule, na usumaku wao unafutana. Alama yetu imebeba elektroni moja isiyo na mwenzi. Ukiiweka katikati ya nguzo za sumaku kubwa, elektroni hiyo inakuwa na njia mbili tu za kujielekeza, na inaweza kuruka kutoka njia moja hadi nyingine ikipewa mawimbi ya nguvu inayolingana sawasawa na tofauti iliyopo. Katika mashine zilizo nyingi maabarani, sumaku huwa ya tesla 0.34 hivi, na mawimbi yake ni ya gigahezi 9.5. Kama unanisikiliza kwa FM, mawimbi yanayoniletea kwako ni ya megahezi mia moja hivi, kwa hiyo yale ya mashine ni ya jamaa moja na haya, ila yanapiga karibu mara mia zaidi. Kwa kuwa DNA yenyewe haijibu mawimbi hayo, kila unachokisikia kimetoka kwenye alama.

Aliyekuwa wa kwanza kulithibitisha jambo hili la elektroni kunyonya mawimbi ndani ya sumaku ni Yevgeny Zavoisky, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Kazan, huko Urusi, mwaka 1944, vita kuu vikiwa havijaisha. Hakupewa tuzo ya Nobel, na mimi naamini alistahili. Baada ya vita, vifaa vilivyokuwa vimetengenezwa kwa ajili ya rada viliingia kwenye maabara za vyuo vikuu, na fani hii ikapata miguu ya kusimamia.

Lakini ilichukua miaka mingine ishirini kabla mtu hajafikiria kuitumia kwa namna ninayoieleza. Mtu huyo ni Harden McConnell, wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Na inanifurahisha kwamba mwanzo wake ulikuwa kwenye DNA yenyewe. Mwaka 1965 yeye na mwenzake Ohnishi walichukua klopromazini, dawa ambayo mpaka leo inatumika katika magonjwa ya akili, wakaigeuza kuwa radikali, yaani molekuli yenye elektroni pweke, kisha wakaichanganya na DNA. Waliitiririsha DNA ili nyuzi zake zilale upande mmoja, wakapima, wakaona kwamba molekuli za dawa zimekaa kukingama na mhimili wa DNA, jinsi ambavyo kitu kingekaa kama kimepenya katikati ya jozi mbili za besi. Radikali ile ya klopromazini haikuwa ya kudumu, ikabidi McConnell atafute nyingine iliyo imara. Mwaka huohuo wa 1965, yeye na wenzake wakatangaza alama ya spini iliyotengenezwa kwa nitroksidi.

Nitroksidi inastahili tuisimamie kidogo, kwa sababu bila yake hakuna hadithi. Kwa kawaida radikali haina subira. Elektroni iliyo peke yake hutafuta mwenzi kwa molekuli yoyote iliyo karibu, na mara ikampata. Katika nitroksidi, elektroni hiyo inakaa kati ya atomi ya naitrojeni na atomi ya oksijeni, na pembeni yake pamesimama vikundi vinne vya methili, kila kimoja kaboni moja na hidrojeni tatu, vinavyozuia wengine wasiisogelee. Wanakemia wa Kisovieti walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuifanyia kazi. Ile inayojulikana kwa jina la TEMPO ilitengenezwa na Lebedev na Kazarnovsky mwaka 1960. Ni unga wenye rangi ya chungwa iliyokolea, na unaweza kukaa kwenye chupa rafuni miaka bila kuharibika. Radikali inayokaa rafuni! Kwa mwanakemia wa karne ya kumi na tisa habari hiyo isingeaminika.

Sasa mwendo tunausomaje? Kiini cha naitrojeni nacho ni sumaku, na kina njia tatu za kujielekeza, kwa hiyo elektroni jirani yake inasikia nguvu tatu tofauti, na mashine inatoa mistari mitatu. Nguvu hiyo ya naitrojeni si sawa pande zote. Alama ikielekea sumaku kwa upande mmoja nguvu ni ndogo, ikigeuka upande mwingine ni kubwa mara kadhaa. Alama inayozunguka kwa kasi kubwa inazipitia pande zote upesi kiasi kwamba elektroni inasikia wastani tu, na mistari mitatu inatoka myembamba, mikali, umbali kutoka wa kwanza hadi wa mwisho ukiwa gausi 32 hivi (gausi nayo, kama tesla, ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Alama iliyogandishwa haina wastani: kila molekuli inabaki na upande wake, mistari inatanuka, na umbali kati ya miisho unafika karibu gausi 70. Kati ya miisho hiyo miwili ndiko habari ilikolala. Mwendo wa sehemu ya kumi ya nanosekunde hadi nanosekunde mia hivi unaacha sura yake kwenye umbo la mistari, na mtaalamu aliyezoea huweza kuutambua kwa kutupia jicho tu, kabla hata ya kompyuta kufanya hesabu.

Jambo linalonivutia zaidi katika kazi hii ni uaminifu unaodaiwa na njia yenyewe. Njuga ikifungwa legelege, italia kwa kuyumba kwake yenyewe, na msikilizaji wa nje atadhani mchezaji anaruka kumbe amesimama. Alama za mwanzo zilifungwa kwenye DNA kwa mnyororo wa atomi kadhaa, na kila muungano katika mnyororo huo uliweza kuzunguka. Mashine ilitoa mistari myembamba yenye kupendeza, lakini ni nani aliyekuwa akicheza? Ni DNA, ni mnyororo, au ni vyote? Kisha kuna jambo la pili: kipande kifupi cha DNA, cha jozi kumi na mbili tuseme, kinabingirika kizimakizima majini ndani ya nanosekunde chache, na mwendo huo nao unaingia katika hesabu. Kwa hili la pili dawa yake ni nyepesi, nayo ni sukari. Ukiyeyusha sukari ya kawaida kwa wingi majini, maji yanakuwa mazito, molekuli nzima inapunguza kubingirika, na mwendo wa ndani unabaki unasikika. Wengine hukifunga kipande hicho cha DNA kwenye protini kubwa ili kiwe kizito.

La kwanza lilihitaji ubunifu wa kemia. Kule Seattle, katika Chuo Kikuu cha Washington, Bruce Robinson, Paul Hopkins na wenzao walitengeneza besi ambayo nitroksidi imeshikamana nayo kwa muungano mgumu usio na nafasi ya kuyumba, ili alama iende pale tu DNA inapokwenda. Snorri Sigurdsson, aliyekuwa hukohuko Seattle kabla ya kurudi kwao Iceland, akaendelea zaidi. Mwaka 2007 yeye na kikundi chake walitangaza alama wanayoiandika kwa herufi C yenye mkia chini, Ç. Humo nitroksidi haikuning'inizwa kwenye besi, bali pete zake zimeunganishwa na pete za besi ya sitosini zikawa kitu kimoja. Hakuna muungano hata mmoja unaoweza kuzunguka. Besi hiyo inafanya jozi na guanini kama sitosini yoyote ile, na DNA yenye alama hiyo inabaki na umbo lake. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya fundi wa kiwango cha juu kabisa, maana shabaha ya muda wote ilikuwa kuondoa shaka moja: kwamba tunachokisikia kweli ni DNA.

Na walisikia nini? Niseme moja lililonigusa. Uti wa DNA umejaa fosfati, na kila fosfati ina chaji hasi. Chaji za aina moja hufukuzana, kwa hiyo ilikuwapo fikra ya muda mrefu kwamba sehemu ya ugumu wa DNA inatokana na fosfati hizo kusukumana. Kikundi cha Robinson kiliyachukua maeneo machache ya uti huo, kikabadilisha fosfati zake kwa vikundi visivyo na chaji, na kusikiliza alama iliyofungwa mbali kidogo. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2002 yalionyesha kwamba DNA ililegea. Sasa kumbuka zile histoni zinazokunja DNA ndani ya kiini: zimejaa chaji chanya. Zinapoigusa DNA zinazima chaji za upande mmoja wa uti, na upande uliozimwa ni rahisi kukunjika.

Tuje kwenye RNA, na hapa jambo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa uchungu. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kuna familia nyingi zinazosikiliza redio jioni hii ambazo hazihitaji kuelezwa maana ya VVU. Kila nakala ya RNA ya kirusi hicho inaanza na kipande cha herufi, yaani besi, 59 kiitwacho TAR. Kimejikunja mara mbili mfano wa pini ya nywele, na kwenye shina lake kina uvimbe mdogo wa herufi tatu, U, C na U, ambazo hazina wenzi upande wa pili. Protini ya kirusi iitwayo Tat inashika hapohapo kwenye uvimbe. Isiposhika, kunakili jeni za kirusi kunakatika mapema, na kirusi kinadhoofika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Thomas Edwards, Sigurdsson na Robinson walifunga alama kwenye herufi nne za TAR, moja moja, kila moja katika sampuli yake: U ya 23 na ya 25 kwenye uvimbe, U ya 38 na ya 40 kwenye shina ng'ambo. Walipoongeza kipande cha protini ya Tat, alama ya 23 na ya 38 zilipunguza mwendo kwa kiasi kikubwa. Ukihesabu kwenye uzi, herufi hizo ziko mbali, kuna herufi kumi na nne katikati yake. Lakini kazi ya awali iliyofanywa kwa mbinu nyingine ilikuwa imeonyesha kwamba TAR ikishikwa, U ya 23 inaegemea jozi inayofanywa na U ya 38 pamoja na A ya 27, herufi tatu zikakaa pamoja. Alama mbili zilizofungwa mahali tofauti zikawa zinatoa ushahidi mmoja. Walipojaribu molekuli ndogo inayoiga sehemu moja tu ya Tat, ambayo watafiti wengi walikuwa wakiitumia badala ya protini, mwendo haukubanwa kwa namna ileile. Kwa umbo peke yake mwigo huo ungeweza kupita. Mwendo ndio uliosema kwamba Tat inashika kwa vidole vingi kuliko kile kimoja kilichoigwa.

Dawa nyingi za kufubaza VVU tulizonazo leo zinapambana na protini za kirusi, si na TAR. Wanaotafuta molekuli ya kuziba mahali pa Tat wana kazi ngumu kwa sababu wanalenga shabaha isiyotulia, na kwa hilo naona vipimo hivi vya mwendo vina thamani kubwa kuliko sifa vinazopewa.

Iko pia njia ya kufunga alama mbili kwenye molekuli moja na kuziacha zisikilizane. Milov, Salikhov na Shirov, kule Novosibirsk, waliianzisha mwaka 1981. Elektroni mbili pweke zinasukumana na kuvutana kwa nguvu inayopungua kadiri zinavyokuwa mbali, na ukiipima nguvu hiyo kwa mapigo ya mawimbi unapata umbali kati yake, kuanzia nanomita 1.5 hadi 8 hivi. Huko Frankfurt, Thomas Prisner na wenzake, wakitumia alama ya Ç ya Sigurdsson, walipima sampuli nyingi za DNA, alama mbili zikisogezwa hatua kwa hatua. Kwa kuwa alama hizo hazina mchezo wao wenyewe, ziliwaambia umbali na pia mwelekeo. Mwaka 2011 walieleza kwamba DNA inapopumua, unene wake unabadilika pamoja na msokoto wake, huku urefu wa mzunguko mmoja ukibaki karibu uleule.

Mwaka huohuo kikundi hicho cha Frankfurt kilifanya jambo la ujasiri zaidi: kiliingiza vipande vya DNA na RNA vyenye alama ndani ya mayai machanga ya chura Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika mwenye kucha miguuni, ambaye yai lake lina upana wa zaidi ya milimita moja na linavumilia kudungwa sindano. Vipande vya RNA vilibaki na umbo lile lililoonekana kwenye mrija wa maabara. Lakini seli ina kemikali zinazoipa elektroni pweke mwenzi, na alama inanyamaza. Katika yai la chura mtafiti ana muda wa saa moja au mbili hivi. Tena kupima kwenyewe kulifanyika mayai yakiwa yamegandishwa, kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri, ambako hakuna kinachocheza. Unachokipata ni wingi wa hali ambazo molekuli zilikuwa nazo wakati baridi ilipozikamata.

Kwa hiyo wanakemia wamerudi kazini. Wengine wanaweka vikundi vya ethili mahali pa methili, ulinzi mpana zaidi, ili nitroksidi idumu ndani ya seli. Wengine wameiacha nitroksidi na kuchukua radikali iitwayo tritili, kubwa zaidi, yenye elektroni iliyofichwa katikati ya pete tatu. Mwaka 2014 watafiti wa Novosibirsk, Elena Bagryanskaya akiwa miongoni mwao, walipima kwa tritili umbali ndani ya DNA kwenye nyuzi joto 37, joto la mwili wa binadamu, pasipo kugandisha chochote. Iliwabidi tu DNA hiyo waishikize juu ya chembe ngumu ili isibingirike. Kuipima ikiwa huru, katika joto hilohilo, ndani ya seli iliyo hai, ndiyo kazi iliyopo mezani pao.